Sentensi ya Miwani

Jioni ile nilirudi nyumbani miguu imevimba, na kabla sijaweka mkoba chini mume wangu akanirukia na habari nilizokuwa nimezichapa kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mama watoto, umesikia? Miwani kawachana! Kasimama katikati ya chama chake, kawaambia vita hivi havina kichwa wala miguu!"

"Nimesikia. Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwake."

Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu rasmi za bunge, huu mwaka wa ishirini na mbili. Kila neno linalosemwa ukumbini tunaliandika, kwa zamu za dakika kumi kumi. Miwani ni mbunge wa chama tawala na mjumbe wa kamati ya ulinzi. Jina hilo tulimpa sisi waandishi, maana miwani yake huwa imekaa kwenye paji la uso na yeye anajipapasa mifukoni akiitafuta. Siku hiyo aliposimama, zamu ilikuwa yangu.

"Mtu kama yule anastahili kujengewa sanamu," mume wangu akaendelea.

"Sanamu ya nini? Miezi tisa iliyopita si alipiga kura ya ndiyo? Mtu achome nyumba yako, halafu arudi na ndoo ya maji, umpigie vigelegele?"

"Basi tumpige mawe? Wale wengine waliochoma naye, nani kaleta hata kikombe?"

Hapo alinipata, na kwa kuwa alinipata nikamnunia mpaka tulipomaliza kula. Haikuwa siasa tu. Kitinda mimba wetu yuko huko vitani, fundi wa mitambo ya redio, na ilikuwa siku ya arobaini hatujapata hata salamu yake. Ndani ya nyumba ile kila mtu roho ilikuwa juu juu.

Tena kulikuwa na kitu mume wangu hakukijua. Tangu vita vianze, matangazo ya moja kwa moja kutoka bungeni yalikatwa na wageni hawaruhusiwi kuingia ukumbini. Watu wa nje hupata minong'ono, na magazeti husubiri kumbukumbu zetu zichapishwe. Minong'ono ilikuwa imebeba ukali wa Miwani ikaacha sentensi moja. Alisema hivi: "Ripoti ya vita sikuisoma, na bado nilinyoosha mkono nikasema ndiyo." Ukumbi mzima ukanyamaza. Tuna alama ya makofi, tuna ya kicheko, tuna ya kelele. Ya kimya hatuna. Kama kuna jambo nililomsifia mtu yule moyoni, ni hilo moja. Lakini kiapo chetu kinatukataza kutoa neno nje kabla halijachapishwa, nikameza.

Kesho yake rasimu ya hotuba ilikuwa mezani kwangu. Utaratibu wetu ni kwamba mbunge ana hadi saa sita mchana kuja kuisoma hotuba yake na kuitia sahihi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa akituambia: mbunge anaruhusiwa kurekebisha ulimi, harekebishi moyo. Akisema "juzi" akimaanisha "jana", sawa. Maana yenyewe haiguswi.

Miwani aliingia saa nne na nusu. Mwenzangu alikuwa ameshuka chini kwa wachapaji. Akafunga mlango, na mlango ule huwa haufungwi na mtu.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, Mheshimiwa. Karibu kiti."

Hakukaa. Alisoma amesimama, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama. "Hii hapa," akasema. "Itoke."

"Lakini uliisema."

"Niliisema. Nilipandwa na jazba."

"Jazba haifutwi humu, Mheshimiwa. Kama ingekuwa inafutwa, kitabu chote kingekuwa cheupe."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Nisikilize, dada yangu. Ijumaa kuna kura ya kuongeza vikosi. Chamani nina watu thelathini wanaoyumba, wako tayari kukataa pamoja nami. Sentensi hii ikichapishwa, mawaziri hawatajibu hoja yangu hata moja. Watasema, msikilizeni mbunge asiyesoma. Basi, imekwisha."

"Hiyo ni sababu ya mtu anayetaka kuzuia vita," nikamwambia, "au ya mtu aliyeonja sifa tangu jana akazipenda?"

Mungu anisamehe, niliona raha kumwuliza vile. Alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Zote mbili," akasema.

Sikutegemea ukweli wakati ule, ukanivuruga. Hata hivyo nilitikisa kichwa. Siwezi, nikamwambia, sijawahi, na nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Macho yake yakatembea juu ya meza yangu, mpaka yakafika kwenye picha.

"Huyu kijana mwenye sare ni wako?"

"Wa mwisho."

"Kikosi gani?"

Laiti ningenyamaza! Hapo ndipo ningefunga mdomo wangu. Lakini mama uliyekaa siku arobaini na moja bila habari, mtu wa kamati ya ulinzi akuulize kikosi, utanyamazaje? Nikamtajia kikosi, nikamtajia na kazi.

"Fundi wa redio," akasema taratibu. "Kuna orodha ya mafundi wanaorudishwa mjini kufundisha wapya. Inapita mezani kwangu leo."

Hakusema "ukinifanyia na mimi nitakufanyia". Watu wazima hawaambiani hivyo. Alikaa sasa, miwani mkononi, akaangalia saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Nikasikia hatua za watu kwenye korido, nikaomba mwenzangu aingie, kisha nikaomba asiingie. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nikajiambia, utadhani wazazi wa wale waliobaki huko hawana uchungu.

Nikaifuta. Kubonyeza mara moja tu, na ule mstari wa chini ukapanda kujaza nafasi. Nikachapa ukurasa upya, akatia sahihi.

"Asante, dada," akasema.

Hotuba ilipochapishwa, weh! Magazeti yaliipa kurasa mbili. Sokoni watu walimwita jasiri, kanisani walimwombea, msikitini walimwombea. Mume wangu aliikata hotuba akaibandika ukutani, na mimi kila nikipita nilikuwa naangalia sakafu. Ijumaa kura ikapigwa. Wale thelathini waliokuwa wakiyumba walibaki saba, vikosi vikaongezwa. Na Jumanne iliyofuata mwanangu akasimama mlangoni, amekonda, anakohoa, mzima.

Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Ningeulizwa saa ile kama nilikosea, ningemzaba kibao aliyeniuliza.

Tulipokaa mezani, baba yake akaibandua ile karatasi ukutani akamletea. "Hebu soma ya shujaa wetu."

"Tunayo, baba. Ilitufikia kule, ikapita mikononi mwa watu mpaka ikachanika."

"Mkafurahi!"

"Tukagombana." Akatafuna, akameza. "Sajenti alisema hotuba ni ya kweli tupu. Ni ya kweli. Lakini ukiisoma utadhani huyu bwana alikuwa safarini siku vita vinapitishwa. Wenzake wamekosea, serikali imekosea, yeye hayumo. Kuna mwenzangu mmoja, ndiye aliyeshika nafasi yangu pale kwenye redio sasa. Aliisoma mara tatu akitafuta mahali aliposema kwamba na yeye alikubali. Alituambia siku mmoja wao akilisema hilo, yeye atamwandikia barua ya kumshukuru."

"Ah, mnadai makubwa," mume wangu akasema. "Mwanasiasa gani atajichongea hivyo?"

"Alilisema," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Nikawatamkia sentensi ile neno kwa neno, maana tangu siku ile haikuwa imenitoka kichwani.

Mwanangu alipitisha kidole kwenye karatasi. "Mbona humu haimo?"

"Niliitoa mimi."

"Kwa nini, mama?"

Mume wangu alikuwa ameshaelewa. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaichukua ile karatasi akaanza kuikunja, mkunjo juu ya mkunjo. Mimi nikasema kula kwanza, mwanangu, chakula kinapoa. Akarudisha kijiko mezani.

"Uhamisho wangu," akasema. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

Kisha akainuka, akatoa daftari kwenye begi lake, akachana ukurasa akaniwekea mbele pamoja na kalamu.

"Niandikie kama alivyosema. Nampelekea yule mwenzangu wa redio."

Nikaandika, na haikunichukua hata dakika.

"Sasa andika aliyeitoa, na kwa nini. Weka na jina lako."

"Mwanangu, hii ni kazi yangu. Watanifukuza."

"Mheshimiwa naye aliogopa hivyo hivyo, mama."

Nikaanza, nikakata. Nikaanza tena, nikajieleza sana, nikakata. Miaka ishirini na miwili nimeandika maneno ya watu kwa kasi ya ulimi wao, na mstari wangu mmoja ulikuwa hautoki. Mwisho nikaandika: Niliitoa ili mwanangu arudi. Nikaweka jina.

Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuniambia asante, wala sikuitarajia.