Shahidi wa Unga wa Ubuyu

Unga wangu ni mzuri. Naanza na hilo kabla hamjanirukia, maana hapa Buzuruga watu wana midomo. Ubuyu naufuata mwenyewe Misungwi kwa ndugu zangu, nauanika kwenye mkeka, nautwanga taratibu ili mbegu zisipasuke zikaleta uchungu, halafu nauchekecha mara tatu, ya mwisho kwa kitambaa cha shuka. Ukiuonja unajua huyu mwanamke hakufanya mchezo. Choo kikikugomea, koroga vijiko viwili kwenye uji, kesho yake utanishukuru. Hilo nalisema hata mbele ya daktari.

Ila kwenye kopo sikuishia hapo. Winnie, mwanangu wa kwanza, alinitengenezea lebo ya kijani: NGOZI NYORORO, TUMBO TULIVU. Nikamwambia aongeze na vidonda vya tumbo. Akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyemzaa, si yeye aliyenizaa, aandike. Akaandika.

Lakini aliyeuuza unga ule hasa si mimi, ni Truphosa. Mama Collins. Mtu wa Shirati huko Mara, anakaanga sato karibu na stendi, ana sauti ya kurudisha basi lililokwisha kuondoka. Tumesali jumuiya moja miaka kumi na miwili. Mimi namwambia samaki wake wameogelea kwenye mafuta zaidi kuliko walivyoogelea ziwani, yeye ananiambia Msukuma hata umpe sato mzima atauliza ugali uko wapi. Tunacheka, tunagawana chumvi, maisha yanaenda.

Jumuiya yetu tunakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Tukishasoma Neno, mwenyekiti wetu Mwalimu Cleophace, Mhaya mmoja aliyestaafu kufundisha kule Butimba, anatoa nafasi ya ushuhuda. Na kwetu ushuhuda si maneno ya kupita. Ukishasimama ukasema Mungu amekutendea jambo fulani, ndiyo imetoka hiyo, na anayekuja kulirudisha anaonekana alimsingizia Mungu.

Basi mwaka jana, baada ya Pasaka, Truphosa akasimama. "Mnajua tumbo langu lilivyokuwa likiwaka moto," akasema. "Nimekunywa unga wa Mama Winnie wiki tatu, tumbo kimya! Na zile chunusi ziko wapi? Angalieni wenyewe!" Akageuza uso huku na huku, wanawake wakapiga vigelegele, Winnie akamrekodi kwa simu. Video ile ilizunguka mpaka Misungwi, na mimi nikawa mtu.

Tangu hapo, kila Jumamosi tukimaliza sala, wa kwanza kunyoosha mkono ni yeye. "Mama Winnie, langu usisahau!" Wenzake wakimwona anachukua kopo, nao wanachukua. Kisha akaanza kupungua. Tukamwambia amependeza. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama Collins, unarudi usichana, mwisho utatunyang'anya waume." Akacheka huku amejishika tumbo. Niliona amejishika. Niliona pia kwamba haonji tena samaki wake, mtu ambaye zamani kichwa cha sato hakikumpita. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu uso wake ulikuwa unaniletea wateja. Ndivyo nilivyokuwa, na naona aibu kulisema.

Mwezi wa tisa mwaka huu ikafika zamu ya Truphosa. Nikatangulia mapema kumsaidia chai. Nilimkuta jikoni anasukuma chapati, na ile "Mwangaluka!" yake ya kunisalimia kwa Kisukuma, ambayo huwa inasikika mpaka barabarani, siku hiyo ilitoka kidogo tu. Nikamuuliza mkaa uko wapi, akanionyesha kidole bila kuinua kichwa. Nikavuta gunia. Nyuma yake yalikuwa yamepangwa makopo yangu.

Nikadhani ni matupu, kaweka kwa ajili ya kuhifadhia chumvi na majani ya chai. Nikachukua moja, nikalitikisa. Zito. Kile kikaratasi anachogundisha Winnie kwenye kifuniko kilikuwa hakijachanwa. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, yote.

"Mama Collins, hii ni nini?"

Akatazama makopo, akatazama mlango. "Rudishia mlango kwanza."

"Sirudishii! Unachukua unga wangu unaufukia nyuma ya mkaa? Kama mbaya si ungeniambia?"

Mpaka hapo, jamani, mimi nilikuwa bado nautetea unga.

Akakaa kwenye kigoda, mikono imejaa ngano. "Zile wiki tatu zilikuwa kweli," akasema. "Tumbo lilitulia. Wiki ya nne likarudi, na nikinywa unga wako ule uchachu unaniunguza mpaka mgongoni. Nikaacha."

"Sasa mbona uliendelea kuchukua?"

"Mimi ndiye shahidi wako, yawa," akalalamika kwa neno la kwao Shirati. " Shahidi akiacha, watu wote wataacha. Watasema nilidanganya mbele ya Mungu, na wewe ndiye uliyenituma."

"Na hospitali?"

"Pale zahanati si Eugenia yuko mapokezi? Aniandike naumwa tumbo, halafu Jumamosi akae hapa ananisikia nasema limepona?"

Eugenia ni wa jumuiya yetu, na siku hiyo naye alikuwa njiani anakuja. Nikamuuliza Truphosa anatumia nini sasa. Akasema anatafuna vidonge vya magnesiamu vya dukani, akitafuna anapata nafuu ya kufikia mchana. Akafuta ngano mikononi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tangu Jumatano choo ni cheusi tii."

Nikamchukulia viatu vyake mlangoni. Baba yangu alianza hivyo hivyo, choo cheusi, kumbe ni damu inavuja ndani, na sisi tukasema ni chakula alichokula, na hatukumaliza naye wiki.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunaondoka sasa hivi."

"Watu wako njiani, Mama Winnie. Zamu yangu halafu wakute mlango umefungwa? Tusali, niwape chai, halafu tutaenda. Nakuomba."

Kabla sijamjibu tukasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Cleophace, na wanawake nyuma yake. Shikamoo Mwalimu, marahaba, karibuni, karibuni, na mikeka ikatandikwa. Tukaimba. Neno likasomwa, siku hiyo sikusikia hata mstari mmoja. Kisha Mwalimu akavua miwani, akatabasamu.

"Leo tuko kwa Mama Collins, shahidi wetu," akasema. "Tuna wageni kutoka jumuiya jirani, nao wametamani kumsikia kwa mdomo wake mwenyewe."

Truphosa akasimama, mkono mmoja ukutani. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Tumbo langu," akaanza, kisha akameza mate. Jasho lilikuwa linamchuruzika pembeni ya uso ule ule ulioko kwenye video. Akanitazama. Ningependa kuwaambia kwamba niliruka pale pale. Sikuruka. Niliwatazama wale wageni, niliikumbuka lebo ya kijani, nikajidanganya kwamba ni dakika tano tu, acha amalize. Naye akaendelea, kwa ajili yangu, "Tumbo langu lilikuwa linaniwaka, na sasa..."

"Kaa chini, Mama Collins."

Nilikuwa nimesimama. Watu wote wakanigeukia.

"Hajapona," nikasema. "Anavuja damu tumboni toka Jumatano, na ananyamaza ili mimi niuze. Mimi ndiye niliyesema yaandikwe vidonda vya tumbo kwenye kopo, na kuhusu vidonda vya tumbo sijui chochote. Unga wangu unalainisha choo. Basi."

Mwalimu akavaa tena miwani. "Mama Winnie, huu ni wakati wa ushuhuda."

"Ndiyo wenyewe huu, Mwalimu."

Mgeni mmoja aliyekuwa amekwisha kujichagulia kopo kwenye kikapu changu akaliweka chini polepole. Aliyenyanyuka kwanza ni Eugenia, akajifunga kanga kiunoni. "Nani ana namba ya mtu wa bajaji?" akauliza, kisha akamgeukia Truphosa kwa hasira. "Na wewe mwanamke, unadhani pale mapokezi nakaa kuandika umbea?"

Zahanati hawakutuchelewesha, wakatusukuma hospitali kubwa. Nesi aliyetupokea alikuwa kijana mmoja anaitwa Shigela, ana fomu na kalamu. Truphosa amelala kitandani, midomo imekauka.

"Shikamoo mama. Kuna dawa yoyote umetumia? Za dukani, za kienyeji, za unga?"

Truphosa akanitazama. Baada ya yote yale, baada ya mimi kupiga kelele mbele ya jumuiya nzima, bado alinitazama mimi kwanza.

"Magnesiamu tu," akamjibu kijana. "Hakuna kingine."

Nikasogea karibu na ile fomu. "Andika," nikasema. "Unga wa ubuyu, mwezi mzima, mwaka jana. Ulipoanza kumuunguza hakwenda hospitali, kwa ajili yangu. Aliyeutengeneza ni mimi, Kija, wa Buzuruga." Nikamtajia mpaka namba ya simu. Akaandika yote, akasema ni vizuri nimesema, na kwamba tumewahi. Kisha akaenda kumwita daktari.

Truphosa alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala. Nikamvua viatu, nikamfunika miguu kwa kanga yangu.

"Mama Winnie," akaniita kwa ile sauti yake ndogo. "Sasa nani atanunua?"

Nikakaa pembeni ya kitanda, nikalia.