Kiatu cha Kushoto cha Placide

Karakana ya Sévère na Binti ilinenepa kwa vita, na hilo si jambo la kujivunia. Mzee Sévère aliianzisha Uvira wakati wa amani, akitengeneza magongo ya watoto waliopooza, akapata sifa nyingi na wateja wachache. Vita ya 1996 ikamwaga mabomu ya kutegwa kwenye uwanda wa Ruzizi, karakana ikaongeza chumba cha miguu ya bandia. Vita ya 1998 ikaongeza kingine. Mzee alipofariki, binti yake Apolline alirithi vyumba, tanuri la kulainishia plastiki, na fahari moja: mlango ule haukuwahi kufungwa mchana wa kazi, risasi zilie zisilie.

Ukutani ulining'inia mguu mmoja uliokamilika, umevishwa kiatu. Ulikuwa wa Placide, mume wake. Bomu lilimkata mguu wa kushoto katika vita ya kwanza, na Apolline akamtengenezea mwingine kwa mikono yake. Desturi ya karakana ni kwamba mteja huacha kiatu cha upande uliokatika, ili kisigino cha mguu mpya kilingane nacho. Placide akaacha cha kushoto, akabaki na cha kulia, na kabla mguu haujakamilika akaenda kwa magongo hadi Runingu kumchukua mama yake. Vita ya pili ikawakuta huko. Mama alifika Uvira na wakimbizi wengine. Placide hakufika.

Tangu hapo, kila asubuhi Apolline alikuta alama kwenye vumbi la plasta sakafuni. Kiatu kimoja tu, cha kushoto, kutoka ukutani hadi kizingitini. Mara ya kwanza aliwashuku wafanyakazi. Mara ya pili aliushusha mguu ule, akakuta vumbi jipya kwenye soli, na hakumshuku mtu tena. Akawa anawahi kufagia kabla wengine hawajaingia. Aliogopa, basi. Mke gani humwogopa mume wake? Yeye.

Mama mkwe wake, Pudentienne, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alipoambiwa habari hiyo alifurahi.

"Mguu inamutafuta mwenyewe," alisema. "Placide iko muzima. Angekuwa alikufa, ingemutafutia nini? Usiipatie muntu, Apolline. Siku utaitoa, utakuwa umemuzika mutoto wangu."

"Sitaitoa, mama."

Na kweli hakuutoa. Mpaka wa Bujumbura ukafungwa, plastiki ikaisha, watu wakaja, wakautazama mguu ule wenye afya kuliko wao, wakarudi na magongo yao. Mjini wakasema Apolline anafuga mguu kama wengine wanavyofuga mbuzi. Maneno hayo yalimuuma, maana yalikuwa ya kweli.

Mwaka 2001 akaja Ndihokubwayo, mkulima wa Runingu, naye amekatika mguu wa kushoto. Apolline alimwambia plastiki hakuna, lakini vipimo atachukua. Akamwomba kiatu.

"Ya kushoto sina," alisema yule bwana. "Pima na hii ya kulia."

Akakivua, akakiweka mezani. Soli ilikuwa na kiraka cha tairi, kimeshonwa kwa waya wa shaba. Apolline alimjua mtu mmoja tu aliyeshona viatu vyake kwa waya wa shaba. Akaenda ukutani, akaushusha mguu, akavipanga viatu viwili bega kwa bega. Vilikuwa pea.

"Hii kiatu ulipata wapi?" Apolline aliuliza.

"Muntu mumoja alinipatia, kule juu, Bijombo. Tulikimbia pamoja, sisi wawili na magongo yetu. Homa ikamukamata. Akaniambia: chukua, weye ndio unaweza kuivaa. Ingine iko kwa muke wangu, kwa atelye ya kutengeneza miguu." Akainamisha kichwa. "Nimekawia, dada. Njia zilikuwa zimefungwa."

Apolline hakulia. Alishika msumeno, akakikata kikombe cha juu cha mguu wa Placide, kile kinachopokea kigutu, akakilainisha kwenye tanuri na kukifinyanga upya kwa kipimo cha Ndihokubwayo. Kumwambia Pudentienne hakuthubutu. Msumeno ulikuwa rahisi kuliko maneno.

Ndihokubwayo alivaa, akajaribu, akatoka uani. Pudentienne alikuwa anapukuchua maharagwe. Alizisikia zile hatua kwenye saruji, waya ukigonga kushoto, ukigonga kulia, akaacha kila kitu.

"Placide?"

"Hapana, mama. Minye ni Ndihokubwayo. Placide ndiye alinituma."

Bibi kizee akapapasa kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Vidole vikaufuata waya wa shaba hadi mwisho.

"Mulimuzika?"

"Tulimuzika, mama. Wafugaji walitusaidia."

Akaketi chini palepale, kati ya maharagwe.

"Apolline, funga mulango ya atelye," alisema. "Tukae kilio."

Apolline akazima tanuri na kufunga mlango, jambo ambalo hakuna jeshi lililowahi kumlazimisha baba yake kulifanya. Siku zote za kilio aliwapokea watu kwa macho makavu, na wapo waliomsema.

Kilio kilipokwisha alifungua mapema, ufagio mkononi kama kawaida. Vumbi lilikuwa limelala laini kutoka ukutani hadi kizingitini. Akainama, akatafuta alama hata moja, chini ya meza, nyuma ya tanuri. Hapo ndipo alipouangusha ufagio na kumlilia mume wake, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.