Miguu ya Msaragambo

Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia kwao, milimani juu ya Same, mwanamume anayebaki nyumbani hutafutiwa jina la kejeli. Siku hiyo wote hushuka na majembe kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa linalonywesha mashamba yao, na hakuna mwenye muda wa kusikiliza maumivu yasiyoonekana. Eliamini alilijua hilo vizuri. Yeye ndiye mfungulia maji wa ndiva tangu ujana, na wavivu aliwasema mbele za watu.

Basi miguu yake ilipoanza kuuma, alinyamaza. Ilianza baada ya daktari kumpa vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu. Mapaja yalimuuma kama aliyechapwa, na kuteremka bondeni kukawa adhabu. Kliniki walikuwa wamemwambia, dawa ikikusumbua rudi tukubadilishie. Hakurudi. Angerudije, watu wamwone anapanda gari wakati wenzake wanazoa tope?

Mkewe, Ernesta, ndiye aliyemtafutia nafuu. Mjini Same alinunua chupa ya vidonge vya lishe, vinavyosifiwa kwamba hurudisha nguvu za misuli. Muuzaji alimwambia wazi, "Mama, hii ni nyongeza tu. Ile ya hospitali asiache."

Ernesta alifikisha maneno hayo kama yalivyo. Eliamini akacheka.

"Mama Agatha, tumbo moja dawa mbili? Zitagombana. Nimalize kwanza hizi zako, halafu nirudie zile."

Ernesta angeweza kubisha. Ni mwanamke anayebishana na wachuuzi wa nyanya mpaka wanachoka wenyewe. Lakini alitaka sana chupa yake ionekane imefanya kazi, akasema, "Haya, maliza."

Haukupita muda mrefu, miguu ikapona. Eliamini akashuka ndivani na jembe begani, anawatania vijana waliotangulia kuchoka. Ernesta akazunguka kijiji kizima akiisifia chupa. Hakuna aliyewaza kwamba miguu imepona kwa sababu kilichoiumiza kimewekwa kabatini. Chupa ilipokwisha Ernesta alinunua nyingine, na vidonge vya hospitali vikaendelea kungoja.

Asubuhi moja, akizibua maji, Eliamini alianguka ukingoni. Kiharusi. Hospitalini daktari alimsikiliza Ernesta mpaka mwisho, kisha akasema pengine kingempata hata kama angemeza dawa kila siku. Alisema hivyo kumtuliza tu. Hiyo "pengine" Ernesta analala nayo na kuamka nayo, na inamuuma kuliko kama angelaumiwa.

Jana jirani yao Hezroni alipita kuulizia vile vidonge. Naye anameza dawa ya mafuta, na mapaja yanamsumbua.

"Shemeji, si vilimponya kabisa?"

"Aliacha dawa, Hezroni, nami nikamwacha aache. Ningembishia siku ile." Akamtazama mumewe kitini, mkono wake wa kulia uliopooza umelala mapajani. "Wewe nenda hospitali kesho. Watu wakuseme wanavyotaka."

Leo alfajiri pembe imelia. Eliamini aliinua kichwa, mkono wake mzima ukapapasa ukuta ambapo jembe huegemezwa. Ernesta alimwahi, akalichukua jembe, akateremka nalo bondeni.

Kule ndivani walimpisha, wakampa sehemu yenye tope jepesi. Hakuna aliyeuliza mumewe yuko wapi. Siku hizi ugonjwa wake unaonekana.