Jino la Kibogoyo

...nyepesi, Jachen anasema, bunduki ya kujifunzia iwe nyepesi, na Aita anatikisa kichwa kama msikilizaji mzuri, kumbe masikioni mwake imo sauti ya mumewe asubuhi hii mlangoni, msirudi haraka, mtoto ajifunze vizuri, Curdin akiwa amenyoa ndevu, amenyoa kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe waondoke, na shati amevaa lile la kanisani, na Aita ameshuka njia yote ya kijijini hadi kwenye banda hili la walenga shabaha akiwa na furaha ya kijinga, furaha ya mke aliyeona tena kidevu cha mume wake... "Shemeji, uko hapa au umebaki jikoni?" Jachen anauliza, na anacheka kwa kishindo chake kile kile cha tangu alipokuwa jeshini na Curdin, "Niko hapa, nakusikia, nyepesi," anasema Aita, na mkono wake unarudi wenyewe ndani ya mkoba, chini ya leso, chini ya funguo, pale lilipo komeo la bunduki ya Curdin, chuma baridi kinachojaa kiganjani, lipo, anashusha pumzi, analo tangu majani yapukutike, analilalia chini ya mto, anakwenda nalo kanisani, analigusa katikati ya sala, maana bunduki bila komeo ni rungu tu, haimwui mtu, hata yule anayetamani kufa... usiseme neno hilo, Aita, hata moyoni usiliseme, mtoto yuko hapa. Mtoto, Madlaina, anaizunguka meza kama aliyeletewa keki, na juu ya meza ziko bunduki mbili, ya chama cha shabaha, ndogo, ya risasi za kitoto, na ya baba yake, ndefu, nzito, kitako chake kimekolea rangi ya chai kwa kusuguliwa na shavu la Curdin miaka nenda miaka rudi, tena haina komeo, ina tundu tu pale juu, na Madlaina anaipapasa hiyo hiyo. "Hiyo iache kwanza," anasema Jachen, "mtu mgeni ukimpa hiyo, mara ya kwanza inampiga teke la bega, mara ya pili anafumba macho kabla hajafyatua, halafu mwaka mzima kazi yangu ni kumfundisha kufumbua. Bunduki ya mwanafunzi ni ile asiyoiogopa." "Mimi siiogopi ya baba." "Huiogopi! Kwa mikono hiyo ya tambi? Nani atambeba mwenzake?" na vijana wenzake waliolala kwenye mikeka wanacheka, Madlaina naye anacheka, shingo imemwiva, na Aita anawaza, asiyoiogopa, ipo bunduki ya namna hiyo? kwani yeye sasa anaogopa hata kisu cha jibini, anaogopa kamba ya kuanikia nguo, anaogopa kimya cha ghalani alfajiri, kwa sababu kila alfajiri Curdin huamka saa ile ile ya kukamua, huvaa buti, hushuka zizini na kusimama pale, kukamua nani? zizi limefagiliwa, ndoo zimefunikwa... siku lilipokuja lori kuwachukua ng'ombe alisimama kwenye ubao wa kupandia na kuwataja mmoja mmoja, si kwa jina, kwa namba ya sikioni, bila karatasi, tarakimu zote, ng'ombe zizi zima, na mwenye lori akasema, huyu mzee ana kompyuta kichwani, watu wakacheka, Curdin hakucheka. Halafu ile siku alipomkuta Curdin kwenye benchi amepakata bunduki, haisafishi, haitazami, amekaa nayo tu kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike, na yeye Aita, Mungu amsamehe, alipita akaenda kumenya viazi, akamenya vyote vya kapuni, na kesho yake Curdin alimfuata jikoni, akamtia komeo kiganjani, akasema, kaa nalo wewe, wakalia wote wawili mbele ya supu ya shayiri ikifurika kwenye sufuria, na Aita aliihesabu siku ile kuwa ndiyo siku mume wake alipomrudia.

"Mgongo wake unamwendeaje?" anauliza Jachen, maana hilo ndilo alilowaambia watu, mgongo, Curdin ana mgongo, haendi kwenye kwaya kwa sababu ya mgongo, haji kilabuni kwa sababu ya mgongo, kijiji hiki ng'ombe akiugua wanakuja na dawa nyumba kumi, mtu akiugua moyo wanasema amechoka, apumzike, "Afadhali," anasema Aita, "leo hata amenyoa," na Jachen anasema, "Namshukuru Mungu, mwambie namdai mchezo wa karata," kisha anaipiga kofi ile bunduki ndogo ya chama kama mtu anayesifia mbuzi, "Na hii msiidharau, jamani, haina makelele, lakini kimya kingi kina mshindo mkuu." Kimya kingi... kwa nini aseme hivyo, hajui lolote, ni mzaha wake, anauza bunduki yake ndogo, lakini neno limeshaingia, linakaa. "Mama, mwambie basi," Madlaina anamvuta mkono, "baba mwenyewe kasema nije na yake, si ulimsikia? Kasema, ichukueni, mimi sina kazi nayo tena." Alimsikia, ndiyo, na alifurahi, alisema moyoni, anaitoa nyumbani kwa mkono wake, sasa ukutani itabaki ile ya marehemu baba yake tu, inayoning'inia juu ya benchi la kulia chakula, Kibogoyo, ndivyo wanavyoiita, kwa sababu mzee alikufa bila kusema komeo lake kaliweka wapi, wakatafuta hadi kwenye mizinga ya nyuki, na bunduki isiyo na jino haing'ati, watoto waliifanya farasi... sina kazi nayo tena. "Haya, tuikague basi, mtoto asije akasema nimemnyima urithi," anasema Jachen, "komeo lake liko wapi?" na Aita anasita, halafu anafungua mkoba, anakitoa mbele za watu kitu alichokificha msimu mzima wa theluji, na Jachen anaangua kicheko, "Shemeji! Unatembea nalo mkobani kama poda?" anavaa miwani, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anaisogelea bunduki, analigeuza tena. "Siyo," anasema. Siyo nini? "Komeo siyo la bunduki hii, ona namba, kila bunduki na komeo lake vina namba moja, kama ng'ombe na sikio lake, hapa namba hii, hapa nyingine kabisa. Litaingia, bunduki za aina hii ni ndugu, zinavaliana nguo, na zitapiga, lakini darasani kwangu silikubali... ngoja, ngoja kwanza, namba hii naijua, si ya mzee hii? Ya marehemu baba mkwe wako! Kumbe jino la Kibogoyo limepatikana! Hongereni! Basi Curdin amechanganya."

Amechanganya. Curdin amechanganya namba. Aita anatabasamu, uso wake unatabasamu peke yake, amechanganya, ndiyo, kila mtu huchanganya, lakini Curdin aliyesimama kwenye ubao wa lori akazitaja tarakimu zote bila karatasi, huyo achanganye? aliliona wapi jino la mzee, ghalani labda, alipokuwa akifagia zizi tupu, akaliona, asiseme, akaja jikoni, akachagua... jikoni pale, na machozi yale, alikuwa akilia kweli, nilimshika, mabega yalikuwa yakitetemeka, alilia kweli huku akinipa lisilo lake, na lake liko wapi, zinavaliana nguo, kasema Jachen, zitapiga, lake liko nyumbani, na ukutani juu ya benchi kuna Kibogoyo... amenyoa. Amevaa shati la kanisani. Msirudi haraka. Na kwenye mkeka wa kwanza mlio unatoka, vioo vya banda vinatikisika, mlima unaurudisha mlio kijijini, mara mbili, mara tatu, na hakuna anayegeuza kichwa, nani ageuze, ni Jumamosi ya shabaha, leo bunduki ikilia popote bondeni mtu anaendelea kukata mkate wake, na Curdin anaijua ratiba hii tangu akiwa mtoto, ameichagua siku, Mungu wangu, ameichagua siku na ametutoa nyumbani sote, na bunduki yake tumeibeba wenyewe, tukidhani tunaiondoa hatari nyumbani.

Simu inaita nyumbani. Inaita, inaita, anaiona mezani karibu na bakuli la tufaha, inaita, chukua, Curdin, nitukane, chukua... "Shemeji, vipi, umepauka," haipokewi, anaikata, anampigia Mengia wa ng'ambo ya kichochoro, na Mengia anapokea mdomoni mna chakula, "Eeh, Aita, shabaha zinaendaje?" na Aita anajisikia akianza kusema mgongo, mgongo wake Curdin, ulimi umezoea, na anaukata. "Mengia, acha kula. Curdin anataka kujiua. Nenda kwangu sasa hivi, ingia, usipige hodi." Mkono wa Jachen umeganda hewani na komeo. Madlaina amegeuka, uso mtupu, na Aita anamtazama machoni, hamfichi tena. "Nakwenda," anasema Mengia, na kwenye simu kiti kinaanguka, mlango, viatu kwenye mawe ya kichochoro, pumzi za mwanamke mnene anayekimbia, halafu mlango wa Aita mwenyewe, ule unaolia bawabani, na mkeka wa pili unafyatua na Aita hawezi kujua mlio umetoka upande gani, hapa au kule, anabana simu sikioni kwa mikono miwili, na ndani ya nyumba yake anamsikia Mengia akiita, "Curdin? Curdin, ni mimi..."