Kabla ya Kengele

Macho Manne, ndivyo wenzake walivyomwita kwa ajili ya miwani yake, alikuwa mtafiti wa usonji. Kutwa alitazama kanda za zamani za watoto na kujaza fomu, mpaka shingo inakakamaa. Kanuni ilikuwa moja: unaanza kuhesabu vitendo vya mama na mtoto kengele ya kipimo ikishalia. Kilichotokea kabla ya kengele hakina nafasi kwenye fomu.

Mchana ule akaweka kanda ya arobaini na moja, moyo ukamlipuka paa! Mtoto aliyekuwa akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni alikuwa marehemu mdogo wake. Kitini alikaa mama yao, bado msichana, amekalia mikono yake. Dakika kumi mtoto analia, mama hanyanyuki. Chini ya fomu ya zamani iliyoambatana na kanda, mwandiko wa daktari: "Mama baridi. Ndiye chanzo. Mtoto atengwe naye."

Wakamtenga kweli, na akafia huko kwenye nyumba ya matibabu, hajafika miaka sita. Nadharia ile, kwamba ubaridi wa mama ndio huleta usonji, wataalamu walishaitupa zamani, na Macho Manne mwenyewe huwaeleza wazazi hivyo. Lakini nyumbani kwake, alikoishi na mama yake, mh! Elimu ilibaki mlangoni pamoja na viatu. Bado alimlaumu mama yake, na hakuwahi kumruhusu kukipakata kichanga chake hata siku moja.

Akairudisha kanda nyuma, kabla ya kengele. Akasikia sauti ya msaidizi wa daktari:

"Mama, kaa hapo. Usimguse mpaka nikuambie."

"Hata akilia?"

"Hata akilia. Utatuharibia kipimo."

Ndipo mama akaikalia mikono yake. Kengele ikalia.

Jamani! Daktari alihesabu kuanzia hapo. Na mpaka kanda inaisha, hakuna aliyerudi kumwambia yule mama kwamba basi, imetosha.

Macho Manne alikimbia nyumbani jua likiwa bado kali. Mama yake alikuwa sebuleni, mikono chini ya mapaja, tabia iliyomuudhi binti huyu miaka nenda rudi. Kichanga kilikuwa kikilia. Yaya alikuwa nje anaanika nguo. Macho Manne akakinyanyua, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, mpokee mjukuu wako. Nimekukosea sana, mama. Nisamehe."

Mikono haikutoka. Bibi alimtazama mtoto, machozi yakimtiririka, kisha akageuka kuutazama mlango.

"Wamesema sasa naweza?"