Chujio la Haraka

Karakana waliyoachiwa na baba yao ilitengeneza vichujio vya maji. Unga wa plastiki ulichanganywa na chumvi, ukashindiliwa kwenye kalibu, ukaokwa, kisha chumvi ikaoshwa. Kila punje ya chumvi iliacha kitundu. Kaka aliuza. Dada yake, ambaye nyumbani walimwita Msumbufu, alipima.

"Wateja wanalalamika," kaka alimwambia siku moja. "Maji yanadondoka kama machozi ya bahili. Tumia chumvi ya mawe."

"Itaacha matundu makubwa yaliyonyooka, kaka. Maji yatapita mbio pamoja na uchafu wake. Bora tuongeze hii laini, vitundu vikutane kwa wingi. Maji yatapata njia nyingi, zote za kupindapinda, na uchafu utanasa humo humo."

"Na kuiosha?"

"Itachukua muda mrefu zaidi."

Kaka alicheka, akaenda kumwita mama. Mama alivitazama vichujio viwili vilivyoning'inizwa kwa majaribio, kimoja cha chumvi ya mawe kikimwaga, kingine cha chumvi laini kikitona.

"Mwanangu, usimkalie kaka yako kooni," alisema. "Anayeilisha nyumba hii ni yeye."

Msumbufu alivua aproni, akaondoka. Akapata kazi ya kupima rangi kwenye kiwanda cha nguo.

Vichujio vipya viliuzika kama njugu. Mama aliweka kimoja jikoni kwake, akawaringia majirani kwamba ndoo hujaa kabla hajamaliza kuosha vikombe.

Mvua zilipoanza, maji ya bomba yaligeuka rangi ya kutu. Mtaa mzima ukaharisha. Mama alishikwa na homa ya matumbo, hali ikawa mbaya hadi akapasuliwa.

Msumbufu alimkuta wodini, amekonda, midomo imekauka. Kaka alikaa kando ya kitanda, macho chini. Msumbufu hakuwa amekuja kumsuta mtu. Alikuwa na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe; akaifungua.

Mama aligeukia ukutani.

"Wewe ulijua," alisema. "Ulijua, ukatuacha. Mwenzio hakujua."

"Nilimwambia, mama. Ulikuwepo."

"Ungepiga kelele. Mtu anayempenda mama yake hupiga kelele."

Kaka aliichukua chupa mkononi mwa dada yake, akamimina, akamwinua mama kichwa anywe.

"Ahsante, baba," mama alimwambia.

Msumbufu akabaki ameshika kifuniko.