Bastola Isiyo na Kasoro

Hapa kwetu Oklahoma, nyumba isiyo na bunduki ni kama nyumba isiyo na choo. Watu watakuonea huruma, watakuombea kanisani, lakini moyoni wanajiuliza ninyi ni watu wa namna gani. Na sisi tulikuwa nazo jamani. Mume wangu Verlon aliachiwa na baba yake, zikawa zimejipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, mimi ndiye wa kuzifuta vumbi. Mtoto wetu Tyrel akaziuza zote. Aliziuza mojamoja apate hela ya vidonge vyake vya kulevya, na tulipokuja kushtuka, kabati lilikuwa na vioo tu.

Verlon alimfukuza siku ya Krismasi, mezani, ndugu wote wanasikia, bata mzinga hata hajakatwa. Alimwambia, "Toka. Nikikukuta tena ndani ya nyumba hii, nitakuhesabu mwizi kama mwizi mwingine yeyote."

Sasa kwetu maneno hayo si ya kutisha watoto. Ukimpiga mwizi risasi jikoni mwako, sherifu akija anakupa pole wewe. Na Verlon si mtu wa kulamba matapishi yake. Kuna duka la vipuri hapa mjini walimjibu ovyo mara moja tu, enzi hizo Tyrel bado ananyonya, na mpaka leo anaendesha gari hadi mji wa pili kununua plagi.

Mtoto akikunyea kiganjani, hukikati kiganja, lakini nani atamwambia Verlon hilo? Basi Jumapili moja baridi imeanza kupungua, tumerudi kutoka kanisani, nikakuta mkate wa mahindi umemegwa na kisu kimeoshwa. Kimeoshwa, kikafutwa, kikarudishwa kwenye droo. Mwizi gani huyo anaosha kisu? Nikakaa kwenye kiti nikalia kimyakimya, maana nilijua mwanangu yu hai na ana njaa.

Tangu hapo, kila Jumapili mlango wa nyuma nikawa naurudishia tu bila kuufunga. Kwenye friji naacha sahani: paja la nguruwe la kuoka, maharage, viazi vya kuponda, kipande cha pai. Tukirudi nakuta sahani imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya kitambaa, kama bibi yake alivyomfundisha. Verlon haulizi kitu. Wanaume na friji, nikawa najisemea, wanaona bia na siagi basi.

Shida ikaja na Gaylon Pruitt, jirani yetu. Gaylon ni mtu mwema, na hakuna kitu kinachoharibu mambo haraka kama mtu mwema mwenye nafasi. Goti lilimuuma akabaki nyumbani Jumapili, akakaa dirishani, akaona mtu mwenye kofia anaingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Wiki iliyofuata akalileta neno uwanjani kanisani, mbele ya mchungaji na kina mama wote.

"Ndugu Verlon, una mwizi! Mwizi wa Jumapili, mwana laana, anaiba wakati watu wa Mungu wanasali! Usihangaike. Jumapili ijayo nitamkalia mimi na bunduki yangu ya kuwindia kulungu, palepale nyuma ya banda lako."

Verlon akawa anaangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Hapana, Gaylon. Nyumba ni yangu na mwizi ni wangu. Nitanunua bastola."

"Sasa hayo ndiyo maneno!" Gaylon akampiga mgongoni. Watu wakaitikia amina. Hata mchungaji aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Ndiyo maana Jumamosi nikajipakia kwenye pikapu nikamwambia Verlon sibaki nyumbani, nami nataka kuiona hiyo bastola. Kusema kweli nilikuwa nakwenda kuizuia. Nimeishi na huyu mtu, namjua. Kwa Verlon bei ikiwa kubwa haendi mbele, na kitu kikiwa na kasoro haendi mbele. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila bastola ina kasoro.

Duka la Lyle Stubblefield linauza silaha upande mmoja na nyungunyungu wa kuvulia samaki upande wa pili, na mikono ya kuuza ni ileile. Lyle ana tumbo, ana maneno, na anaita kila mwanamke bibi.

"Bi Ardith! Leo umemleta mzee au mzee kakuleta?"

"Tunataka bastola ya nyumbani," Verlon akasema. "Na isiwe ya bei ya kuniua kabla ya mwizi."

Lyle akatoa kibastola cha rangi ya waridi, kinaingia kwenye kiganja. "Hii ya kina mama. Nyepesi, nzuri, bei poa."

"Lyle," nikamwambia, "kitu chepesi hivyo kikilia kinarudi nyuma kwa nguvu yote. Nitajivunja kidole bure. Na mbona waridi? Nakwenda kuilinda nyumba au kubatizwa?"

"Kweli," Verlon akadakia. "Tena tundu lenyewe dogo. Weka."

Lyle akatoa ile ya kizamani, ya risasi sita zinazozunguka. Akasema hiyo haikwami, haihitaji kukoki, hata ukiisahau mwaka mzima kwenye droo itakuitika. Nilipata kazi kutafuta la kusema. Nikakivuta kifyatulio, Mungu akanisaidia, kigumu kama mlango wa jela.

"Kigumu," nikasema. "Mpaka nimalize kukivuta, mwizi kashakula kashiba kaondoka."

"Halafu sita," Verlon akasema. "Sita ni chache."

"Unatarajia wezi wangapi, Verlon?" Lyle akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nasema chache."

Ya tatu ilikuwa nzito. Ya nne ilikuwa inaanguka mkononi. Ya tano, Verlon alisema ina harufu. Nikamkata jicho kidogo, maana nilianza kushangaa. Nilikuja kupambana naye peke yangu, kumbe ananisaidia! Nikajisemea, ah, ni ubahili wake tu, Mungu anautumia hata ubahili.

Lyle akafuta jasho. Akaenda stoo, akarudi na bastola nyeusi kwenye kitambaa.

"Hii ilikuwa ya polisi. Polisi wakibadilisha silaha, za zamani zinakuja kwetu kwa bei ya kutupa. Imebebwa sana, haijapigwa sana. Ukubwa wa wastani, hairuki mkononi, na ukiikoki ni laini. Bi Ardith, hebu jaribu na mikono yako hiyo ya baridi yabisi."

Nikaivuta. Ikaja kama droo iliyopakwa nta. Lyle akataja bei, na hata mimi ninayejua kubishana nikakosa neno. Nikamtazama Verlon. Verlon akaigeuza, akaichungulia, akaigeuza tena, akakaa nayo mpaka mteja mmoja wa nyungunyungu akaguna.

"Rangi imechubuka hapa," akasema.

"Verlon!" Lyle akapiga meza. "Unainunua au unaiposa?"

"Na bei bado. Kwa mtu wa pensheni, bado."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimeshashika mkoba wangu tuondoke, na hapo mlango ukafunguka, akaingia Gaylon na goti lake.

"Ndugu Verlon! Nimeona pikapu. Hiyo ndiyo? Nzuri! Ngoja, usitoe hata senti. Sisi wanaume wa kanisa tumechanga. Asubuhi kwenye chai tulipitisha kofia, kila mtu akatoa, mchungaji akatoa mara mbili. Tulisema ndugu yetu hawezi kulala na hofu."

Akaimwaga kofia mezani. Sijawahi kuona Verlon amekosa uso hivyo. Atasema nini? Kanisa limechanga! Bei haipo tena, kasoro haipo tena. Akasema asante. Aliisema mara mbili, ya pili haikusikika.

Lyle akapiga simu serikalini kuuliza kama jina la Verlon lina kesi, akajibiwa sawa. Halafu ana desturi yake: kila anayenunua bastola ya kwanza dukani kwake hupigwa picha. "Simameni pamoja. Bi Ardith, shika hapo ubavuni. Verlon, mbona kama unazikwa? Gaylon, mchekeshe!" Gaylon akasema jambo kuhusu mwizi na suruali ambalo sitalirudia, na Verlon, kwa fedheha tu, akacheka. Mwanga ukawaka. Hatukulitilia maanani.

Kwenye gari sikuvumilia. Hatujafika hata kwenye ghala la nafaka, nikapasuka.

"Ni Tyrel, Verlon! Mwizi ni Tyrel. Mimi ndiye ninayemwachia mlango, mimi ndiye ninayempakulia. Kama lazima umpige mtu, basi nipige mimi, niliyemfungulia huyo mwizi!"

Verlon akaisogeza pikapu kando ya barabara, akazima.

"Ardith," akasema, "unadhani maziwa ya chokoleti yaliyo kwenye friji nakunywa mimi? Na ugonjwa huu wa sukari?"

Kweli, kila Jumamosi analeta maziwa ya chokoleti, na mimi nikidhani mzee kaanza kula kwa kuiba, namwonea huruma namnyamazia.

"Nilimwona," akaendelea. "Siku ile niliyosahau Biblia nikarudi. Nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye kiti chake, amevua kofia kaiweka gotini. Anaomba kabla ya kula. Nikarudi kanisani."

"Bila Biblia," nikasema. Nilikumbuka, siku ile tulisoma ya kwangu wawili.

"Bila Biblia."

"Wee mwanaume! Na ile 'sita ni chache'? Na ile 'ina harufu'?"

"Nilikuwa nimeishiwa, Ardith. Hata wewe ulisema unakwenda kubatizwa."

Tukacheka, jamani, tukacheka mpaka machozi, watu wawili wazima kando ya barabara na bastola ya mchango katikati yetu. Nikamuuliza mbona asimwambie mtoto arudi. Akasema neno alilitoa mbele ya watu, na kulirudisha ni lazima iwe mbele ya watu, na bado hajapata nguvu hiyo, ila ataipata. "Sasa hivi asijue kwamba najua," akasema. "Akijua ataona aibu, ataacha kuja. Mwache ale kwanza. Amenenepa kidogo, umeona?" Nikamwambia nitaonaje, mimi naona sahani tu.

Bastola ikaingia kwenye kisanduku chake, kikafungwa kwa ufunguo, kikawekwa juu kabisa ya kabati la taulo. Risasi hatukununua. Jumapili ile niliamka nikakaanga kuku, kitu ambacho Tyrel anakipenda kuliko wokovu. Verlon mwenyewe akayasogeza maziwa mbele. Kanisani tulikaa tumeshikana mikono kama wachumba, na mahubiri siyakumbuki hata kidogo.

Tukarudi. Kuku yupo. Maziwa yapo. Kitambaa cha sahani kikavu.

Nikasema labda amepata kibarua. Verlon akasema labda mvua. Jumapili iliyofuata nikakaanga tena, tukarudi, kuku yupo. Nikampigia Tyrel kwenye namba niliyo nayo, haipatikani. Rafiki yake, ambaye Tyrel alikuwa akilala kwake, akasema kaondoka na begi, hakusema anakwenda wapi.

Jumapili ya baada ya hapo Gaylon alitupokea mlangoni mwa kanisa, uso umemwiva kwa furaha. "Ndugu Verlon! Nimekaa dirishani wiki zote hizi, hakuna hata paka! Umeona? Hujafyatua hata risasi moja, na nyumba imelindwa." Watu wakapiga makofi. Dada mmoja akanisogezea simu yake, "Na mlivyopendeza, Ardith!"

Ilikuwa ile picha ya Lyle. Kumbe huwa anazirusha kwenye ukurasa wa duka lake mtandaoni. Mimi nimeshika ubavu, Verlon ameinua bastola, anacheka meno yote nje, na chini Lyle ameandika: MWIZI WA JUMAPILI, KARIBU SANA, MZEE VERLON ANAKUSUBIRI. Mji mzima umeweka kidole gumba cha kuipenda. Nikashusha majina kwa kidole changu, mchungaji yupo, Gaylon yupo, mwalimu wa zamani wa Tyrel yupo. Na Tyrel yupo. Mwanangu ameiona, na ameweka kidole gumba kama wenzake.

Nilimwonyesha Verlon tukiwa nyumbani, jikoni, maana nilijua kwenye gari hatutafika. Alivaa miwani. Aliitazama picha, akaikuza, akajitazama uso wake.

"Mbona nacheka?" akauliza.

"Gaylon alikuchekesha."

Akarudisha simu mezani taratibu. Akafungua friji, akasimama mbele yake mlango wazi, baridi inamshukia miguuni, na mimi sikumwambia afunge.

"Sasa atakuwa anakula wapi?" akasema.

Nikamwambia sijui.